Kamanda analia usiku kucha ndani ya tenga la kuku

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani, Mtwara. Mume wangu ni dereva wa lori. Msimu wa korosho ukishafunguliwa halali nyumbani hata siku tatu mfululizo. Leo yuko Masasi, kesho Newala, anashusha bandarini, anageuza. Mwezi uliopita wezi waliruka ukuta wa uani wakabeba mtungi wa gesi, ndoo mbili na nguo zote zilizokuwa kambani. Safari iliyofuata mume wangu akashuka na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Ndani mna mtoto wa mbwa, dume, rangi ya kahawia, kifuani ana baka jeupe. Aliyempa huko Masasi alimwambia ana mwezi mmoja na nusu. Akampa jina Kamanda.

Shangazi, huyo Kamanda analia.

Mume wangu alisema: "Afungiwe, asizoee watu. Mbwa akizoea watu hawi mkali." Akaenda kwa Bibi, jirani yetu, kuazima tenga la kuku. Akamdanganya kwamba kuna kuku anataka kuwaleta kutoka Newala. Kamanda akatiwa mle, mdomo wa tenga ukafungwa kwa kamba ya katani, likasukumwa nyuma karibu na choo. Alfajiri mwenye mbwa akaondoka na lori lake, akaniachia kilio.

Usiku wa kwanza alilia kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Nilitoka na tochi ya simu nikakuta kapenyeza pua kati ya fito mbili, imechubuka, anatafuna ufito kama mtu anayetaka kukata pingu. Nikamfungulia. Akanifuata hadi mlangoni, akalala juu ya kandambili yangu, kimya kabisa. Kumrudisha tu, kikaanza upya.

Siku ya tatu nilipata msiba Naliendele. Nilimfunga saa tatu asubuhi nikiwa na haraka, nikarudi saa tisa alasiri. Nilimkuta kajikojolea, kajinyea, kajipaka mwili mzima, kopo la maji kalimwaga, ulimi nje, anahema tumbo linapiga kama mvukuto wa fundi chuma. Nilikaa chini pale pale nikalia na kitenge changu cha msibani.

Usiku ule nikaona bora aingie ndani. Akakojoa kwenye mkeka wa mama mkwe wangu. Mama ni mtu wa swala tano, na tangu siku hiyo ananijibu kwa kichwa tu. Mdogo wangu aliyeko Dar kaniambia kwenye simu, "Dada, mzoesheni kreti." Kreti ninayoijua mimi ni ya soda. Akanitumia video: mzungu ana kizimba cha waya chumbani kwake, kina godoro, mbwa anaingia mwenyewe akiambiwa. Kwetu hilo la chumbani haliwezekani. Jirani mwingine kanishauri nimpe nusu kijiko cha dawa ya mafua ya watoto, alale.

Nieleze Shangazi. Kumfungia mbwa ni unyama? Au nimrudishe Masasi? Na huyu baba watoto nimwambieje asione ninamharibia mbwa wake?

Mwanao,
Mama Wawili, Mikindani

* * *

Marahaba mwanangu, na poleni kwa wezi.

Nianze na dawa ya mafua, maana ndiyo inayoweza kukuletea maafa usiku wa leo. Usimpe. Kamanda kwa umri huo ana kilo mbili, tatu hivi. Zile dawa za maji za watoto mara nyingi huwa na vitu viwili vitatu ndani ya chupa moja, na dawa ya kushusha homa inayochanganywa humo ikimzidi mbwa mdogo humharibu ini. Jirani yako hakukutakia mabaya. Mshukuru, chupa irudi kabatini.

Sasa tenga. Namna mlivyomfungia, ndiyo, ni kumtesa, na najua hamkukusudia. Lakini kizimba chenyewe hakina kosa, na hiyo kreti ya mdogo wako ndicho kizimba hicho hicho. Mwangalie mbwa yeyote asiyefungwa mtaani kwenu saa saba mchana: yuko uvunguni mwa kitanda kibovu, chini ya lori, chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Anapenda mahali padogo, penye kiza kidogo, ambapo mgongo wake umefunikwa na macho yake yanaona nje. Kizimba kikifundishwa vizuri ndicho mahali hapo. Atalala humo, atakula humo, wageni wakija atakimbilia humo, na kwa kuwa mbwa hapendi kuchafua anapolala, kitakusaidia kumfundisha haja.

Ninyi mlianza na mlango. Mlimtia, mkafunga, mkaondoka. Ukitaka kujua alivyolipokea, fikiria umeshushwa stendi ya mji usioujua, usiku, ukafungiwa stoo.

Halafu huo mwezi mmoja na nusu. Mtoto wa mbwa hutakiwa akae na mama yake walau wiki nane. Wako kaondolewa mapema, na siku moja kabla ya safari alikuwa amelala katikati ya ndugu zake, miguu ya huyu shingoni mwa yule. Halii kwa ukorofi, anaita. Na alipolalia kandambili yako alikuwa ameshakwambia dawa yake: harufu ya mtu na mtu mwenyewe kuwa karibu. Hilo la kandambili lishike, tutalirudia.

Hapo mume wako atasema tunamdekeza, kwa hiyo tummalize yeye kwanza. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili au na nne hivi, mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida duniani: watoto wanaokimbia, mwanamke mwenye ndoo, mzee mwenye mkongojo, pikipiki, adhana. Ukimfungia nyuma ya choo wiki zote hizo, hatajua mwizi ni nani. Atajua tu kwamba kila kitu kinatisha. Mbwa wa namna hiyo anauma kweli, lakini anauma kwa woga, na woga hauchagui. Atamuuma rafiki wa mwanao aliyefuata mpira. Atamuuma mume wako mwenyewe akirudi usiku baada ya siku kumi barabarani. Kumlinda mwenye nyumba kunakuja kwenyewe akipevuka, baada ya miezi sita na kuendelea, pale anapowajua wa kwao hata akashtuka asiye wa kwao. Mwambie kwa lugha ya kazi yake: utingo unayemfungia kwenye bodi safari nzima hatajua hata kufunga turubai.

Tuje kwenye pa kukiweka hicho kizimba. Mimi si sheikh, na kwa undani nenda kwa sheikh wenu, lakini ya kawaida tunayajua. Wengi wa Waislamu wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa na kila chake chenye unyevu ni najisi nzito: chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Akikupitia mkavu nawe mkavu, hakuna kilichohama. Na mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ametajwa kwenye hadithi kuwa anaruhusiwa, na wanazuoni wengi wamemhesabu mlinzi wa nyumba pamoja nao. Kwa hiyo mama mkwe wako hana ugomvi na mbwa kuwepo. Ana ugomvi na mbwa kuwa juu ya mkeka wake, na hapo yuko sawa kabisa. Osha mkeka huo kama anavyotaka yeye, mbele yake, bila kunung'unika. Kabla ya hapo usiumwagie dawa ya kuondoa madoa yenye klorini juu ya mkojo mbichi, maana vikikutana vinatoa mvuke unaokaba kifua. Maji na sabuni, kisha siki iliyopunguzwa kwa maji, ndivyo vinavyoondoa harufu. Harufu ikibaki, Kamanda atadhani hapo ndipo chooni.

Kizimba basi kikae upenuni, ukuta wa nje wa chumba unacholala wewe, chini ya dirisha. Si ndani, wala si kule chooni. Ukikohoa akusikie. Ukimwambia "Kamanda, lala" kutoka kitandani, sauti imfikie. Kwa nyumba ya Mikindani hiyo ndiyo sawa na video ya mzungu, na kwa mlinzi hapafai mahali pengine: dirisha hilo hilo ndilo utakaloamshiwa mwizi akiruka ukuta.

Mtafute seremala. Mbao za makasha zinatosha, ila azipige randa na misumari yote ikunjwe upande wa nje. Kipimo ni cha mbwa, si cha mbao ulizonazo: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke mzima, alale kajinyoosha. Kwa mbwa wa kienyeji akishakua, urefu wa sentimita 90, upana 60 na kimo 70 vitawatosha wengi. Lakini kwa sasa hicho ni uwanja wa mpira kwake. Akipewa chote atalala kona moja na kufanya choo kona ya pili, na kizimba kitakuwa hakijafundisha kitu. Seremala akuwekee ubao wa kugawa katikati unaochomoka, uusogeze nyuma kadiri anavyokua. Pande mbili ziwe za fito au wavu mgumu, wenye matundu yasiyopitisha kichwa wala kunasa mguu. Sakafu iinuliwe kwa miguu minne.

Miguu hiyo ina kazi. Mvua zikianza kuna siafu, na wewe umezaliwa huku, unajua siafu humfanya nini kuku aliyefungiwa. Mtoto wa mbwa aliyefungiwa hana tofauti. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji, na maji yaangaliwe kila jioni.

Matandiko: kanga kuukuu uliyoivaa siku mbili tatu bila kuifua. Ndiyo ile kandambili. Ukiifua baadaye, ikauke juani kabisa kabla ya kurudishwa, maana wapo nzi wanaotaga kwenye nguo yenye unyevu na funza wao huingia kwenye ngozi. Ila nakuonya na kitu kimoja cha kwetu kusini. Kila nyumba ina mifuko mitupu ya salfa ya mikorosho, na kila mtu huiona ni turubai la bure. Isiwe tandiko la mbwa wala paa la kizimba; ile poda inawasha macho na kifua. Na kama mume wako huleta korosho ghafi nyumbani, magunia yakae mbali na meno yake. Mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua vidole vya wabanguaji, yanababua na ulimi wa mbwa.

Juu kiezekwe makuti. Bati hapana, na hili nalisema kwa aibu. Nilikuwa na mbwa Lindi tukimwita Bosi. Tulimjengea kibanda cha bati safi kabisa, kila aliyepita akasifia. Siku moja Desemba tukaenda harusini Mingoyo tukamfungia humo tangu asubuhi. Niliporudi alikuwa kalala ubavu, fizi nyekundu kama nyanya, mate yanamtoka kwa uzi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na hewa yetu ya pwani ikiwa na unyevu mwingi hata kuhema hakumsaidii sana. Tulimmwagia maji tumboni na kwenye nyayo, tukampepea kwa ungo mpaka magharibi. Akapona, lakini kile kibanda hakukiingia tena mpaka anakufa, hata tukimwagia maji namna gani. Yule wako uliyemkuta na ulimi nje saa tisa alasiri, mwanangu, alikuwa njia hiyo hiyo. Umewahi.

Sasa mafunzo yenyewe. Hapa ndipo wengi hukimbia.

Siku ya kwanza, mlango uvuliwe au ufungwe kwa kamba ukiwa wazi, usije ukajipiga ukamshtua. Chukua dagaa wakavu wasio na chumvi, wakatekate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Kaa chini karibu na kizimba. Usimwite. Weka kipande kimoja mlangoni, kingine hatua moja ndani, kingine mwisho kabisa. Atanyoosha shingo, miguu ya nyuma ibaki nje, ale cha kwanza, akimbie. Mwache akimbie. Atarudi. Mara ya tatu au ya nne utaona miguu ya nyuma imeingia, na hapo useme neno mtakalolitumia siku zote. "Kwako" linatosha. Liwe hilo hilo kwa mtu mmoja na kwa wote, si wewe "kwako," mtoto "ingia," baba "wee mbwa." Uji wake au ugali wake nao uliwe humo ndani, mlango wazi.

Akishazoea kula humo bila kugeuka geuka kuangalia nyuma, rudisha mlango wakati anakula, ufungue kabla hajamaliza. Kesho yake, fungua dakika moja baada ya kumaliza. Kisha tatu, kisha tano, wewe ukiwa umekaa pale unachambua mboga zako. Kisha uende jikoni urudi. Akianza kulia umekwenda haraka mno. Kesho rudi nyuma hatua moja. Wengine humaliza haya kwa siku nne, wengine wiki mbili. Kwa huyu, aliyekwisha kulipata tenga la usiku tatu, usishangae zikiwa mbili na zaidi. Ndiyo maana pia sitaki mafunzo yaanzie kwenye hilo tenga. Limeshachafuka moyoni mwake.

Na kizimba kisiwe jela. Akitafuna kiatu asitupwe mle kwa kelele, maana mahali pa kulala pakigeuka pa adhabu, umepoteza kazi yote. Wanao nao wafundishwe: Kamanda akiwa ndani, hakuna kuingiza mkono, hakuna kuchokoa kwa kijiti, hakuna kumvuta mkia atoke. Ndani ya kizimba ni kwake.

Usiku. Hiki ndicho ulichoniandikia, najua. Wiki ya kwanza utalala vibaya, nisikudanganye, ila si vibaya kama sasa. Chakula cha mwisho kiwe magharibi, maji yaondolewe saa moja kabla ya kulala. Kabla ya kufunga mlango mpeleke pale mlipopachagua kuwa choo chake, pawe pale pale kila siku, usimame kimya mpaka akojoe, umsifu papo hapo na kipande cha dagaa. Kanuni ya watu wa mbwa ni hii: umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia kwa wingi wake. Kamanda hana hata miezi miwili, basi saa mbili na nusu, usiku ukimpendelea tatu. Kwa hiyo utaamka kama saa sita, kisha kama saa tisa, umtoe bila mazungumzo, akojoe, arudi. Adhana ya alfajiri itakukuta macho, umtoe tena. Hayo usisubiri akuitie kwa kilio. Mtangulie.

Akilia katikati ya hapo na unajua katoka kukojoa, mnong'oneze dirishani, au kaa naye upenuni kwa mkeka wako kidogo, mkono juu ya kizimba. Usiku mbili tatu za hivyo hazimharibu. Ila mlango usifunguliwe wakati sauti iko juu. Ngoja apumue, hata kwa sekunde tano, ndipo ufungue. Vinginevyo umemfundisha kwamba mlango unafunguliwa kwa kelele, na mbwa hulielewa somo hilo haraka kuliko masomo mengine yote.

Kama kesho yake utakuta kakojoa ndani, ni hesabu yako ya saa iliyokosea. Safisha. Kumshika kichwa na kumsugua pua kwenye mkojo, kama nilivyoona watu wengi wakifanya, hakumfundishi kitu. Anaelewa tu kwamba mkono wako ukimjia ni balaa.

Mchana asifungiwe zaidi ya kanuni ile ile, na hata akiwa na miezi mitano usivuke saa nne. Ukipata msiba mwingine, na misiba haina taarifa, asiingizwe kizimbani. Mwache uani, geti limefungwa, chini ya kivuli, maji kwenye chungu kizito asichoweza kukipindua, na mtu mmoja wa kumchungulia. Na kila anapoingia kizimbani, shingoni mvue kamba au mkanda. Kamba ikinasa kwenye ufito, mbwa mdogo hujinyonga kwa kuhangaika mwenyewe.

La daktari wa mifugo ni fupi lakini usiliruke. Dawa ya minyoo sasa hivi. Chanjo za magonjwa ya watoto wa mbwa, hasa ile ya kuhara damu inayowamaliza haraka, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki ya kumi na sita hivi. Kabla hazijakamilika asicheze na mbwa wa mtaani wala pale wanapojisaidia. Anaweza kuzungushwa mtaani amebebwa, aone watu. Akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, irudiwe kama daktari atakavyokuandikia. Na meno yake madogo yakimchana mtoto kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, hata kama mkwaruzo unaonekana wa kuchekesha.

Unaniuliza umrudishe Masasi? Mama yake akiwa bado ananyonyesha na mwenyewe akikubali, wiki mbili za ziada kule zingemfaa, ningekudanganya nikisema vingine. Ila ukishampandisha lori mara ya pili, na mume wako ndiye dereva, sijui kama atarudi yeye au atakuja boksi jingine la sabuni lenye mbwa mwingine wa mwezi mmoja na nusu. Kama utabaki naye, mpigie baba watoto leo akiwa amepaki, si akiwa anaendesha. Usianze na "unamtesa." Anza na dirisha: mwambie unataka mlinzi alale chini ya dirisha lako kwa sababu wezi walipita uani na choo hakina cha kuiba. Fedha ya seremala atatoa.

Limebaki tenga la Bibi, na hilo halikusemwa kwenye maswali yako, ila nimeliona. Bibi anajua tenga lake lina kuku wa Newala, na usiku tatu anawasikia kuku hao wakibweka. Usimwachie mume wako alirudishe. Lisugue wewe, mara saba kwa maji, mojawapo kwa udongo, likauke juani mpaka fito zilie. Ufito uliotafunwa mpe fundi aubadilishe. Halafu ulibebe mwenyewe kichwani, na ukifika barazani kwake, kabla hajalipokea, umwambie kilichokuwamo, na umwombe uvumilivu wa wiki mbili za kelele. Kama hataki tena kuwekea kuku wake humo, mnunulie jingine.